Sahani ya Maji Chini ya Mwarobaini: Vidokezo 13 kwa Mtazama Ndege wa Lunga Lunga

Watu wengi wakisikia habari za kutazama ndege humfikiria mtalii mwenye kofia pana na darubini shingoni, aliyelipa kiingilio Shimba Hills. Mimi nilianzia uani kwetu Lunga Lunga, nimekaa juu ya mbuzi, nakuna nazi. Mtu anayekuna nazi hatembei wala hapungi mikono, macho yake yako chini, na baada ya dakika kumi ndege humhesabu kuwa kisiki. Siku hiyo shore watatu walitua hatua nne kutoka miguuni pangu wakaanza kuokota machicha yaliyomwagika. Nilisahau mchuzi.

Huku kusini, karibu kilomita 100 kutoka Mombasa na jirani kabisa na Horohoro, hatuna haja ya kwenda mbali. Kuna mto, kuna malambo, kuna bahari mwendo wa boda, na kuna pepo mbili zinazotuletea wageni kutoka pande mbili za dunia. Haya ni yale niliyoyaokota, mengine kwa kukosea.

1. Weka maji kwanza, chakula baadaye

Kama utafanya jambo moja tu katika haya yote, fanya hili. Nafaka humvuta mla nafaka peke yake. Chozi anayenyonya maua hana haja na mtama wako, na tiva anayekula wadudu hatautazama mara mbili. Lakini wote hunywa, na wote huoga. Kuanzia Januari hadi mvua za masika, malambo yanaponywea na nyasi kugeuka rangi ya mkeka, sahani moja ya maji hukuletea ndege wengi kuliko gunia la uwele.

Chombo kisiwe kirefu. Kina cha vidole viwili kinatosha, na ukingo uwe wa kukwaruza ili miguu isiteleze. Kigae cha mtungi uliovunjika au sahani ya chini ya chungu cha maua hufaa kuliko beseni la plastiki. Tia jiwe katikati, litokeze juu ya maji kidogo, ili mdogo wao apate pa kusimama. Kiweke kivulini, changu kiko chini ya mwarobaini. Kiwe hatua mbili tatu kutoka kwenye kichaka, ndege apate pa kukimbilia akimwona kipanga, lakini kisibanane na kichaka hicho, kwa sababu paka naye amesoma kidokezo hiki.

Kisha ongeza ujanja mdogo: tundika juu yake kidumu cha lita tano chenye tundu la sindano, kidondoshe tone moja moja. Ndege huwahi kusikia maji kabla ya kuyaona.

Badilisha maji hayo kila asubuhi. Kwa joto letu yai la mbu huweza kuwa mbu arukaye ndani ya wiki moja hivi, na Kwale hatuhitaji kufuga malaria kwa ajili ya mapenzi ya ndege. Jioni mimi humwaga na kuifudikiza sahani.

Ukikaa kimya utaona kila mmoja ana adabu zake. Shore huingia kwa kishindo, anachovya kifua, anarusha maji hadi kwenye kuta. Tongosimba huja kumi kwa mpigo, wadogo sana, wanajipanga ukingoni bega kwa bega kama watoto wa chuoni. Pugi hutembea kwa miguu kutoka mbali, anasita, anarudi, anasita tena, halafu akifika huzamisha mdomo na kuvuta maji moja kwa moja bila kuinua kichwa, tofauti na ndege wengi ambao lazima wainue kichwa ili maji yateremke. Na chozi? Haingii sahanini kabisa. Huenda kwenye majani yaliyorushiwa maji na shore, akajisugua humo kama mtu anayejifuta kwa taulo la mwenzake.

2. Kifuu kinatosha

Usitafute fundi wa kukujengea kibanda cha kulishia ndege. Chukua kifuu kizima, kitoboe matundu matatu ukingoni, kifunge kwa kamba ya makumbi, kitundike kwenye tawi jembamba. Tia uwele, mtama au chenga za mchele, kiasi cha kuliwa kwa asubuhi moja. Kifuu huyumba, na kuyumba huko ndiyo faida yake: mnana na tongosimba hawajali, kunguru hukereka.

Machicha ya nazi wanayapenda, ila weka kidogo na yawe ya leo. Kufika adhuhuri huwa yamechacha. Chakula chenye chumvi usiwape, hata wali wa nazi uliobaki jana ambao unaona haya kuutupa. Na mahindi yaliyoota ukungu yasiende kwa ndege kwa kisingizio kwamba hayafai kwa watu: sumukuvu haibagui ini.

Kama unafuga kuku, tundika kifuu mbali na banda lao. Kideri kikiingia mtaani hutataka ndege wa porini na kuku wako wale pamoja. Osha kifuu kwa maji moto kila wiki, na kikianza kunuka kigeuze kuni, vifuu haviishi.

3. Chungwa nusu, msumari mmoja

Machungwa ya Muheza yanayovuka mpaka kwa malori tunayapata kwa bei ya jirani. Kata moja nusu, lipigilie kwenye kigogo kwa msumari, nyama ikitazama nje. Shore atakuwa wa kwanza, kuzumburu watafuata na mikia yao mirefu, wananing'inia kichwa chini kama panya waliovaa manyoya. Papai lililoiva mno na ndizi iliyopasuka zina soko hilohilo. Ondoa maganda jioni, la sivyo siafu watakuandikia barua.

4. Bora upande kuliko kulisha

Wako wanaowachanganyia chozi maji ya sukari, kijiko kimoja cha sukari kwa vinne vya maji. Huko kwenye baridi pengine yanakaa siku mbili. Hapa yakifika saa nane mchana yana povu. Mimi naona ni kazi ya bure wakati mgomba nyuma ya jiko una ua linalomwaga asali ya bure kwa wiki nyingi. Tazama ua la mgomba alfajiri: dume la chozi, jeusi kwa mbali, likigeuka upande wa jua linawaka zambarau na kijani, halafu likigeuka tena limekuwa jeusi. Rangi hiyo haipo kama rangi ya kanga iliyotiwa kiwandani. Ni mwanga unavyovunjika juu ya unyoya. Jike lake ni la rangi ya vumbi, na ndilo lenye kazi: hushona kiota kama kikoba kinachoning'inia, akikifunga kwa utando wa buibui. Ukikuta kimoja barazani, vumilia buibui wako kwa mwezi mmoja.

Mshubiri ukitoa maua, msufi, mkuyu, mzambarau, mpapai: yote haya ni meza iliyotandikwa. Mkuyu ukiiva huleta ninga, njiwa wa kijani ambaye unaweza kusimama chini ya ishirini wake usimwone hata mmoja, ukasikia tu matunda yakidondoka. Hondohondo naye hafiki kimya.

Pilipili ni kisa chake. Ule mpilipili uliojiotea chini ya ua, ambao hakuna aliyekiri kuupanda, umepandwa na shore. Ndege hawausikii ule ukali unaotuunguza sisi, kwa hiyo humeza pilipili nyekundu kama peremende na kuzipeleka mbegu popote watakapotua. Mnyama mwenye meno ya kusagia huzisaga mbegu na kuziharibu. Ndege huzipitisha salama. Ukali wote ule, basi, ni wa kutufukuza sisi. Tumeutia kwenye achari.

Tahadhari moja: mwarobaini, ambao nimeusifu kwa kivuli, ni mgeni mwenye uchu wa ardhi. Ndege hula matunda yake na kuusambaza hadi ndani ya misitu ya pwani. Nilionao nimeuacha, mwingine sipandi.

5. Mjue kunguru wako

Kunguru wawili wasichanganywe. Yule mwenye shingo na kifua cheupe safi kama kanzu ya Ijumaa ni mwenyeji wa Afrika. Yule mwembamba, mwenye shingo ya kijivu na macho ya kupiga hesabu, ni kunguru wa Kihindi. Aliletwa Unguja miaka ya 1890 ili asafishe taka za mji, na mwaka 1947 alikwisha kuonekana Mombasa. Kutoka hapo amefuata majaa ya taka kila mahali palipo na watu. Hula mayai na makinda, huwafukuza hata mwewe, na bustani yenye kundi lake huwa kimya kwa namna ya kutisha. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuwapunguza kunguru hao kwa kiasi cha milioni moja.

Hiyo ni kazi ya wenye kibali na wenye ujuzi wa dawa yake. Usijaribu kutega sumu yako mwenyewe nyumbani. Itaishia kwa mbwa wa jirani, au kwa mwewe, au kwa mtoto. Kazi yako wewe ni ndogo na ya kuchosha: funika taka, usitupe matumbo ya samaki uani, usiweke mkate wala nyama kwa ndege. Kunguru wa Kihindi haji kwako kwa sababu ya maua.

6. Wa Diani, salimuni kima

Ndizi ya kutundikia ndege, Diani, ni ndizi ya kima. Hakuna kamba wala mlingoti utakaomshinda. Na kumlisha kima, hata kwa bahati mbaya, ni kumfundisha kuingia dirishani. Nyie wekeni maji na mpande miti, kifuu mtuachie sisi wa bara kidogo, ingawa tumbili wa huku nao wameanza kupata fununu.

7. Sikiliza kabla ya kutazama

Nusu ya ndege wa uani hutawaona kamwe. Dudumizi hukaa katikati ya kichaka na kutoa mlio kama maji yanayomwagwa kutoka kwenye chupa, du-du-du-du, ukishuka na kuharakisha. Wazee husema akilia sana mvua iko njiani. Mimi nimemsikia akilia kiangazi chote bila tone kuanguka, lakini siku atakayosema kweli watanikumbusha.

Tiva ndiye aliyenifunza unyenyekevu. Kwa miezi nilidhani namsikia ndege mmoja mwenye sauti ya kengele inayofuatiwa na kikohozi. Asubuhi moja nikiwa nimekaa kati ya mpera na mdimu, kengele ikatoka kushoto na kikohozi kikatoka kulia. Walikuwa wawili, mume na mke, wanaimba wimbo mmoja uliogawanywa bila mwanya hata wa pumzi.

Simu inasaidia. Programu ya Merlin, ya Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, ni ya bure: inasikiliza mlio na kupendekeza jina. Ichukulie kama jirani msema sana: mara nyingi yuko sahihi, lakini usimwapishe. Hakikisha kwa macho kabla ya kuandika.

8. Zungumza na mkwezi wako

Siku ya kuangua nazi, mkwezi hushuka na makuti makavu pia, na wewe humshukuru kwa kusafisha mti. Ngoja. Kijumbamshale wa minazi, yule mwembamba anayekata hewa kama wembe jioni nzima, hujenga upande wa ndani wa kuti linaloning'inia. Hubandika manyoya kwa mate yake, kisha hubandika na mayai kwa mate hayohayo, na hulalia akiwa wima, ameshikilia kwa kucha huku kuti likipepea. Upepo wa kusi wote ule, na yai halianguki.

Mwambie mkwezi: "Fundi, lile kuti wanaloingia vijumbamshale liache hadi wamalize." Wa kwetu alinitazama kama niliyeugua, halafu akaniambia kuwa hilo analijua tangu ujana wake, na kwamba hakuna aliyewahi kumwuliza.

9. Kalenda yako iwe ya pepo

Babu zetu waliosafiri na majahazi waligawa mwaka kwa kaskazi na kusi. Ndege wanatumia kalenda ileile, na ukiishika hutashangaa tena kwa nini bustani imejaa leo na wiki ijayo ni tupu.

Kaskazi ikikaribia, kuanzia Septemba hadi Novemba, wageni wa kaskazini wa dunia huingia. Mbayuwayu kutoka Ulaya hujipanga kwenye nyaya za umeme. Keremkerem wekundu hufuatia, na ukiona moto wa shamba au kundi la ng'ombe linalotimua panzi, watakuwa juu yake, wekundu kama maua ya mkrismasi yaliyopata mabawa. Novemba na Desemba tazama juu: kozi wadogo wa Amur hupita wakitoka mashariki ya mbali ya Asia. Hawa hufika India, kisha huvuka Bahari ya Hindi moja kwa moja wakisukumwa na upepo huohuo uliokuwa ukileta tende na mazulia. Ndege mwenye uzito mdogo kuliko embe, usiku na mchana juu ya maji matupu.

Ufukweni kuna mgeni mwingine wa njia hiyo: mweupe, mgongo mweusi, miguu ya kijivu, mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Huyu mla kaa huzaliana kando ya Ghuba, Oman na Bahari ya Shamu, naye huchimba shimo mchangani na kuacha joto la ardhi limsaidie kulalia yai, jambo lisilofanywa na jamaa zake wengine wa pwani. Kisha huja kukaa kwetu. Kama una shangazi Maskati, mwambie mnao jamaa mmoja.

Aprili upepo ukigeuka, hao huondoka na watu hudhani msimu umekwisha. Hapana. Kusi huleta wa kusini: keremkerem wa Bukini, na yule ndege wa ardhini mwenye kifua cheupe chenye madoadoa meusi, adimu duniani, anayejificha kwenye majani makavu ya misitu iliyobaki Diani na Shimba Hills. Ukienda Kaya Kinondo, mojawapo ya misitu ya kaya za Wamijikenda iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008, nenda na mwongoza njia wa hapo, jifunge kaniki utakayopewa, usichume wala usipige kelele. Msitu ambao watu wameukatazana kwa karne nyingi una ndege ambao shamba la jirani limewasahau.

10. Majini, soma maji kabla ya kusoma ndege

Mto Umba unatoka milima ya Usambara, unatupitia, na kumwaga maji yake baharini karibu na Vanga. Ukingoni mwake, asubuhi, mdiria mweupe kwa mweusi husimama hewani, mabawa yakipiga, kichwa hakitikisiki, kisha anadondoka kama jiwe. Kaa juu ya ukingo ulioinuka, mbali na maji. Mamba naye ni mtazamaji mvumilivu.

Malambo ya ng'ombe yasidharauliwe. Yangeyange watakuwa miguuni mwa ng'ombe, fundichuma atakuwa akitikisa matope kwa mguu mmoja ili kuwashtua vyura, na kama lambo lina yungiyungi, mtafute yule wa kahawia mwenye vidole virefu kupita kiasi anayetembea juu ya majani. Katika nyumba yake jike hutaga na kwenda zake. Dume ndiye anayelalia mayai, na hatari ikija huwabeba makinda kwapani, miguu yao mirefu ikichungulia chini ya bawa. Nimewahi kulieleza hili barazani kwa wazee. Palikuwa na ukimya.

Baharini kosa la kila anayeanza ni kwenda maji yakiwa yamekupwa kabisa. Utaona nukta, maana ndege watakuwa mbali kwenye ukingo wa maji. Nenda yanapojaa, kama saa mbili kabla hayajafikia kilele, ukae mahali pamoja. Maji yatakuletea ndege miguuni. Bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya kupwa na kujaa hufika karibu mita nne, na ndege husogezwa zaidi. Maji mafu hayakusaidii sana. Kila siku kujaa huchelewa kwa kama dakika hamsini, kwa hiyo saa ya jana usiitumie leo. Mvuvi yeyote wa Vanga atakupa hesabu hii bila kutazama simu.

Gazi ni pazuri pa kuanzia kwa sababu wanawake wa kijiji wana njia ya mbao inayopita ndani ya mikoko, na viatu vyako vitabaki viwili. Ni hapohapo ambapo mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ya ukaa tangu mwaka 2013, na Vanga na majirani zake wakafuata baadaye kwa mradi wao. Tulia kwenye mbao. Kuna mdiria wa mikoko, kichwa cha kijivu, mgongo wa buluu, mdomo mwekundu mtupu. Nilimwona mmoja na kaa mdomoni. Akamgonga kwenye tawi, kushoto, kulia, kushoto. Koleo likaanguka. Akatulia, akaupima mzigo, akagonga tena hadi miguu yote imedondoka majini, ndipo akameza kile kisahani kilichobaki. Ilichukua muda wa kunywa chai.

Shimoni kuna yangeyange wa kukuchanganya: mmoja mweupe, mwenzake mweusi wa kijivu, na wote ni aina moja. Ukipanda mashua kwenda Kisite wakati wa kusi, buabua wa pinki hutaga kwenye kisiwa kitupu cha Kisite. Watazame kutoka mashuani. Ukishuka, wazazi huruka, na yai lililoachwa juani juu ya jiwe la tumbawe halina dakika nyingi.

11. Darubini na mpaka

Ukinunua, chukua iliyoandikwa 8x42 au 8x32: nane ni mara ngapi inakuza, namba ya pili ni upana wa kioo kwa milimita. Zinazokuza kupita hapo hutetemeka mkononi. Na kwa sisi wa Lunga Lunga, usiielekeze kituo cha mpakani, hata kama shomoro wote wazuri wako kwenye malori yaliyopanga foleni pale. Hakuna maelezo yatakayosikika ya kweli.

12. Mwache bundi

Najua. Akilia juu ya paa kuna atakayesema nyumba hii itaondokewa. Nyumba zote huondokewa, bundi awepo asiwepo. Anachofuata paani ni panya, na panya wanafuata mahindi yako ya ghalani. Ukitega sumu ya panya, naye ataila kupitia kwao.

Watoto wenye manati wasipewe hotuba. Mimi mwenyewe nilikuwa na manati, na ulimbo pia, na mkono wangu haukuwa mbaya. Kilichoniachisha ni kaka mmoja aliyenipa daftari na kuniambia hesabu mwenyewe walio hai hadi Ijumaa, tuone nani ana wengi.

13. Andika

Tarehe, saa, upepo gani, maji yamejaa au yamekupwa, ndege gani, wangapi, alikuwa anafanya nini. Hilo la mwisho ndilo watu wengi huliacha, na ndilo utakalofurahi kulisoma baada ya miaka mitatu. Usiyemjua mchore, hata vibaya: mdomo, miguu, mkia, alipotua. Kitabu cha Terry Stevenson na John Fanshawe cha ndege wa Afrika Mashariki kina picha na ramani za wote, na ukipenda kuchangia unachokiona, Kenya Bird Map na eBird hupokea orodha hata ya uani. Jumamosi ya pili ya Mei na ya Oktoba ni Siku ya Ndege Wahamao Duniani. Wengi huhesabu siku hizo, nasi wa huku chini tuhesabiwe kuwa tumo.

Ukurasa wangu wa juzi unasema hivi: *Jumanne, saa moja asubuhi, kaskazi kavu. Sahani: shore 4, tongosimba 11, pugi 2, chozi 1 (jike, ameoga kwenye jani). Dudumizi analia, hakuna wingu. Paka 1, amefukuzwa, amerudi.*